Chumvi Isizidi Machozi

Ilianza kama mzaha. Tumbo likamwendesha
na Ratul, mara ya kwanza, akacheka.
Mara ya nne akaomba nimshike mkono.
Baada ya saba sikuhesabu tena.

Maji ya mto Jamuna yalishafika kizingitini.
Choo kilikuwa kule, ng'ambo ya maji,
nasi huku, juu ya kitanda tulichokiinua kwa matofali:
mimi, yeye, kuku wawili
na Bibi asiyesikia hata radi.
Mama yuko Gazipur, anashona kola za mashati
ya watu wenye shingo nene kuliko zetu.
Baba, tumwache Baba.

Kwetu dada mkubwa huitwa Bubu.
Bubu, maji. Bubu, tumbo. Bubu, tena.
Usiku kucha aliniita hivyo
kama mtu anayebisha mlango akijua mwenyewe yumo.
Kisha, taa ikikaribia kuisha mafuta, akanyamaza.
Macho yamedidimia. Ulimi mkavu kama kipande cha jamvi.
Nikamfinya ngozi ya tumbo: ikasimama,
ikakawia kurudi.
Bubu sasa alikuwa yeye.

Mwaka juzi alikuja mhudumu wa afya na boti ya injini,
akawakalisha wanawake uani, akainua mkono wake.
Sukari guru, konzi moja.
Chumvi, ya kushikwa kwa vidole vitatu.
Maji yaliyochemka, nusu lita.
Mama akapima na wenzake.
Mimi nilikuwa nyuma na Parul, tunacheka viatu vya mgeni.
Sasa konzi, lakini konzi ya nani?
Yangu ina miaka kumi na mmoja.

Kuni zilikuwa mbichi.
Nilichoma jalada la daftari la hesabu,
kisha hesabu zenyewe.
Maji yakachemka, yakapoa taratibu kuliko kitu chochote duniani.
Nikatia konzi, nikaongeza nusu.
Nikashika chumvi, nikarudisha kidogo.
"Onjeni kwanza," alisema yule mhudumu,
"isizidi chumvi ya machozi."
Nikaonja.
Wala sikuhitaji kukumbuka ladha yake,
kipimo kilikuwa tayari kinashuka shavuni.

Kijiko. Akatapika.
Nikamfuta, nikahesabu kwa sauti mpaka mia sita.
Kijiko. Akatapika, lakini kwa uvivu.
Kijiko. Kikakaa.
Chini ya kitanda chura alikuwa akirudia neno lake lile lile.
Nilimchukia, kisha nikamfanya saa:
akilia mara ishirini, kijiko.
Bibi akaamka, akatutazama, hakuuliza,
akasogeza paja lake likawa mto.

Alfajiri alikojoa.
Kidogo, njano iliyoiva, juu ya sketi yangu ya shule.
Nikamwonyesha Bibi lile doa
kama mtu aliyeokota dhahabu njiani,
naye akaligusa kwa kidole, akatikisa kichwa,
akarudi kulala ameketi.
"Bubu," akasema Ratul kwa hasira,
"dawa yako mbaya. Sukari umeficha wapi?"
Umeficha wapi! Ilikuwa bado kwenye kucha zangu.
Nikanawa mikono kwa maji yaliyobaki birikani,
nikamvunjia kipande kidogo kuliko jino,
kikamezwa na mate yake. Mate! Alikuwa na mate.

Mchana simu ya jirani ikalia.
Nyuma ya sauti ya Mama, cherehani mia.
Ana dakika tatu.
"Hamjambo?"
Nguo kumi na moja kwenye kamba.
Daftari limekuwa majivu.
Ratul anamkimbiza kuku kwa macho tu,
miguu bado haijakubali.
"Hatujambo," nikasema.
Kisha, kama jambo la kupita,
"Mama, hivi mkono wako ukiukunja
unakuwa mkubwa kiasi gani?"