Ngazi Kumi na Tisa

Siku ya sita, saa moja na nusu asubuhi,
Daktari Valdemar anasimama miguuni pa kitanda cha tisa
na kuuliza swali ambalo mezani kwake
hathubutu kulitamka:
"Bibi Etelvina, umeshajamba?"

Bibi wa miaka sabini na nane,
aliyekatwa utumbo shibiri mbili,
anavuta shuka hadi kidevuni.
"Mara mbili. Usiku. Mniwie radhi."
Nasi watano tunafurahi
kama waliosikia hodi ya mgeni waliyemngoja.

Naandika. Homa hakuna.
Mapigo themanini na mbili.
Mrija wa ubavuni ulitoka jana.
Supu imekaa, mkate umekaa.
Maumivu, kati ya sifuri na kumi?
"Tatu," anasema.
Lakini nilimwona alfajiri akikohoa,
ameukumbatia mto kwa mikono miwili,
na ile tatu ilikuwa na uso wa saba.

Nje, Bragança yote ni nyeupe kwa sakitu.
Ndani, vitanda viwili vimeegeshwa karibu na lifti,
na mvulana mmoja ananung'unika juu ya nyongo yake.
Hakuna anayesema kitanda cha tisa kinahitajika.
Hakuna haja ya kusema.

Abílio wa mazoezi anampeleka kwenye zile ngazi za mbao,
nne za kupanda, nne za kushuka,
zisizofika popote.
Anapanda, anashuka,
ameishika reli kama mkono wa mtoto mtukutu.
"Safi kabisa!" Abílio anatia alama.
"Kwangu ni kumi na tisa," asema bibi,
"na kuni ziko chini."

Fomu haina kisanduku cha kuni.
Ina cha choo, cha mkojo, cha kula, cha kutembea,
na cha *yuko mtu nyumbani?*
ambacho alikijibu ndiyo bila kusita.
Nikimfungia viatu nikamuuliza jina la huyo mtu.
"Farrusco."
"Ana umri gani?"
"Kumi na mmoja. Haoni vizuri siku hizi,
lakini hubweka tarishi akipita."

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka,
maana nilimkumbuka Bwana Adérito,
tuliyemruhusu Ijumaa,
visanduku vyote vimejaa, kwa mwandiko wangu,
akarudi Jumapili usiku mshono umeachia.
Alibeba ndoo ya viazi vya nguruwe.
*Nani mwingine angewalisha?* alituuliza,
na hakuna aliyekuwa na jibu.
Alikaa nasi siku arobaini na moja.
Nguruwe waliuzwa.

Wanasema mgonjwa haulizwi uji.
Sisi tunamuuliza hata upepo wa tumbo lake,
na bado lililo kubwa latupita.

Nikagonga mlango wa daktari.
"Tarakimu ni nzuri, Graciete."
"Ni nzuri."
"Basi?"
"Basi kuni."
Akavua miwani. Huko chini
mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
krr, krr, hana haraka.
"Hadi kesho," akasema. "Tafuta jirani."

Jirani alipatikana: Deolinda,
atashusha kitanda sebuleni, ataingiza kuni,
mbwa yuko kwake tangu Jumatano na amemla kuku.

Asubuhi nikamkuta bibi amevaa koti,
mkoba mapajani, nywele zimechanwa.
Usiku, zamu yote ilipoinamia kitanda cha kumi na mbili,
alitoka kwa ngazi za dharura.
"Ni ishirini na mbili," akasema.
"Nimepumzika mara tatu.
Ya nne nilikaa kitako, nikalia kidogo, nikaendelea."

Ningemkaripia. Nikashika kalamu.
"Maumivu?"
Akaliangalia dirisha, akaniangalia mimi.
"Tano."
Na uso wake ulikuwa wa tano.

Nikaandika tano.
Nikatia sahihi.