Tundu Jeupe

Mkwe wangu Tenywa amekuja na koleo na subira,
amepiga magoti nyuma ya kabati kama anayewinda panya.
Kaleta waya mwembamba mweusi, ncha yake inawaka
wekundu wa sigara ya mlinzi wa usiku.
"Huu, mama, haubebi umeme. Unabeba mwanga.
Sauti inakatwa vipande, inahesabiwa,
inasafiri namba tupu,
ikifika kwenye kisanduku hiki inaungwa upya."
Nikamwuliza: Na makombo?
Akacheka. Hakujibu.

Hapa Walukuba, vyumba viwili,
ampu ni ile ya marehemu Farajallah.
Aliinunua kwa malipo ya mwisho, kiwanda kilipofungwa;
wenzake walinunua mabati, mmoja ng'ombe.
Nilinuna siku tisa.
Ya kumi nikamkuta anaipangusa kwa kitenge changu kipya,
nikacheka mwenyewe, yakaisha.

Mgongoni ina matundu mawili, jekundu na jeupe.
Jekundu kulia. Jeupe kushoto.
Hayajui namba,
yanajua kutetemeka tu.

Na tangu siku ile ina mguno,
mmmm,
chini ya taarifa ya habari, chini ya kaswida, chini ya kila kitu.
Tenywa anasema ni umeme wa ardhini,
unazunguka chombo hadi chombo
kama mgeni asiyeonyeshwa kiti; dawa yake ni mwanga,
na kisanduku, shilingi elfu sitini na tano.
Mimi nasema bwawa liko pale chini ya mteremko,
mto unasukuma mitambo usiku kucha ili tuone sahani zetu,
nani angefanya kazi hiyo bila kuguna?

Nilisimama miaka ishirini na miwili kati ya mashine za kufuma,
sikio la kushoto likielekea namba kumi na nne.
Tulisemezana kwa midomo, Kiswahili kisicho na sauti:
Mlugbara, Msoga, Mjaluo, mimi Mnubi,
neno "chai" lilisomeka toka mwisho wa jumba.
Sikio hilo lilikufa polepole, hata halikuaga.

Basi niambie, Tenywa, mtoto wa hesabu:
tundu jeupe namchomekea nani?

Akachomeka waya wake. Kimya.
Kimya kama maji yaliyochemshwa yakachujwa,
halafu mtangazaji, karibu mno,
nikasikia ulimi wake ukibanduka mdomoni kabla ya jina la waziri.
Safi. Siwezi kusema si safi.
Lakini nikatazama dirishani, nikadhani umeme wa mtaa mzima umekatika.

Redio ya kaseti haina mlango wa mwanga.
Humo yumo Farajallah, anajaribu maikrofoni:
"Moja, mbili. Moja, mbili. Wewe, funga mlango."
Wewe ni mimi. Mlango unasikika.
Tenywa anasema naweza kumgeuza namba,
asichakae, niwatumie wanangu kwa simu, kila mmoja na wake.
Huenda nitakubali. Sijasema.
Kwa sasa televisheni itumie mwanga,
yeye abaki na shaba, nyekundu na nyeupe,
na mguno wake.
Spika ya kushoto siisikii,
naiwekea kiganja.

Tenywa hakuchukua ila nauli ya boda.
Mwanawe Mugoya akabaki sakafuni,
ameuchomoa waya, ameukodolea jicho moja:
"Bibi, humu ndani kuna watu wanaongea?"
"Wapo. Ila wewe huna jicho la kuwasikia.
Rudisha."
Akarudisha. Kwa upande usio sahihi.