Ritifaa

Katika picha ya Kidato cha Kwanza
mimi ni sikio tu,
sikio la kushoto, nyuma ya bega la Naisiae
aliyekuwa akiinama kuingia maktaba.
Nilijipanga hapo makusudi.
Mpiga picha aliposema, "Sogea, wewe wa nyuma,"
nilisogea kweli,
nikazidi kupotea.

Mwaka mzima niliitika "nipo"
kwa sauti isiyofika mezani pa mwalimu.
Mara tatu niliandikwa "hayupo"
nami nimeketi pale pale, dirishani,
nikitazama ndege ndogo zikishuka Wilson.

Bi. Wanza, mlezi wa jarida la shule,
hakuniuliza kama nataka.
Alinitilia penseli mkononi:
"Wewe husemi, kwa hiyo unasikia.
Utakusanya majina."
Majina mia sita arobaini na mawili,
na kila jina lina mwenyewe,
na kila mwenyewe ana macho.

Wiki ya kwanza nilipenyeza karatasi chini ya milango ya mabweni:
Tafadhali andika jina lako kamili.
Zikarudi: Malkia wa Githeri.
Waziri wa Usingizi.
Mjane wa Hesabu.
Bi. Wanza alicheka hadi miwani ikamdondoka.
"Karatasi haina miguu, mwanangu. Wewe unayo."

Nikaanzia jikoni, kwa kuwa moshi husitiri.
Mpishi alikuwa amekoroga uji wetu miaka kumi na tisa
na hakuna aliyewahi kumuuliza.
Akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena.
"Munyao," akasema. "Munyao wa Kalunde.
Kalunde ni mama. Mtie naye, kama nafasi ipo."
Nafasi haikuwapo.
Nikamtia.

Kisha madarasa.
Habiba, b mbili, ya tatu ni ya binamu yake.
Mmbone, na ole wako umnyime m moja.
Cherotich aliyenikazia macho
hadi nikaiweka ile h ya mwisho.
Naisiae akainama, kama mlangoni,
akaninong'oneza: "Ile e ya mwisho watu huimeza.
Mimi huwaacha tu."
Huyo ndiye niliyekuwa nikijificha nyuma yake.

Mikono ilinitoka jasho, sisemi uongo.
Hadi leo hutoka.
Lakini penseli haijali jasho.

Novemba tukaenda River Road,
ghorofa ya pili, juu ya duka la spea,
mashine ikinguruma, wino ukinuka,
kurasa zikitoka na joto kama chapati.
Nikafunua. Nikajiona:
Kemunto Ongera.
Ritifaa imedondoka.

"Ni kinukta tu hicho, dada," akasema mwenye mashine.
"Nani atakiona?"
Nikamwambia. Hakusikia.
Nikarudia. Akaweka mkono sikioni.
"ZIMA MASHINE!"

Akaizima.
Sijui nani aliyeshtuka zaidi.
Bi. Wanza alijifanya anatafuta kitu mkobani.
Katika kimya kile, sauti yangu ikiwa bado ukutani,
nikasema:
ng'ombe bila ritifaa si ng'ombe,
na mimi si Ongera.
Wala Nyang'ate wa Tatu Kaskazini si Nyangate.
Na tazama jaladani, ndugu yangu,
hata Lang'ata yenyewe umeiumiza.

Alichukua jalada, akalisogeza kwenye mwanga.
"Haki," akasema. "Haki ya nani."
Tulirudi jioni, madole meusi.

Picha ile haikupigwa upya. Picha haipigwi upya.
Fungua ukurasa wa thelathini na moja,
pitisha kidole juu ya wanaocheka,
na chini, kwa herufi ndogo nilizozipanga mwenyewe:

Safu ya tatu, wa nne kutoka kushoto,
sikio:
Kemunto Ong'era.