Mate Ndani ya Mfupa

Fomu imeandikwa mbiombio, kalamu ikikauka:
Nyanzobe Magaka, miaka arobaini na mitatu, Igombe.
Taya la chini, kulia. Uvimbe. Miezi kumi na minne.
Pembeni, kwa mwandiko mwingine:
meno matatu yameshang'olewa.

Matatu. La kwanza kwa kuwa lilicheza,
la pili kwa kuwa lilikuwa jirani ya la kwanza,
la tatu sijui; pengine koleo lilikuwa bado mkononi.

Kipande chake hakizidi punje ya hindi.
Nimekiloweka kwenye asidi siku tatu, mfupa ulegee,
nikakizika ndani ya nta, nikakikata
wembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikakilaza juu ya maji ya vuguvugu
kikajikunjua chenyewe, taratibu,
kama mtu anayeamshwa na jua.

Picha ya eksirei ilionyesha vyumba vyumba, sega la nyuki.
Daktari wa meno aliandika: uvimbe wa chembe za jino,
akaweka alama ya kuuliza.
Sote tungeandika hivyo. Taya likivimba hapa kwetu
hilo ndilo jina linalotangulia mdomoni.

Dokta Mugeta akainamia darubini, akanyamaza.
Ukimya wake naujua: upo wa njaa,
upo wa mshahara uliochelewa.
Huu sikuwahi kuusikia.
"Njoo," akasema. "Hizi seli zina mate."

Mate? Ndani ya mfupa?
Tezi za mate hukaa shavuni, chini ya ulimi, kwenye kaakaa.
Nani kazifungia humu?

Nilikulia Igogo, nyumba yetu imeegemea jiwe
kubwa kuliko kanisa.
Mvua ikikatika, wiki nzima jua likichoma,
ubavu wa jiwe uliendelea kutoa maji.
Mama aliweka kopo.
Hatukuuliza yanatoka wapi. Tulinawia tu.

Nikaleta rangi ile ya pili, ile tunayoibania,
chupa moja kwa mwaka.
Nikamwagia. Nikangoja. Nikaosha.
Ute ukajitokeza, mwekundu wa waridi,
umejaa kwenye matumbo ya seli zilizonenepa.
Nakiri: nilifurahi.
Furaha fupi, isiyo na adabu,
ya mtu aliyeokota alichokuwa akikisoma tu vitabuni.
Kisha nikaliona tena jina kwenye fomu.

"Usiandike bado," alisema Dokta.
Lazima tujue haikuhamia kutoka kwingine.
Wakampapasa shavu, chini ya ulimi, shingo;
wakapiga picha ya kifua. Kusafi.
Ganda la mfupa lenyewe zima, kote kote.
Basi imezaliwa humo humo,
labda tangu enzi za jino kuchipua,
seli chache zikasahau kazi zilizotumwa
zikajitafutia nyingine.

Bi Nyanzobe aliketi kwenye benchi
akitafuna kiazi upande wa kushoto.
Dokta alisema saratani; akaendelea kutafuna.
Alisema ya tezi za mate, ndani ya taya;
akaendelea.
Alipofika kwenye neno nadra, akamkatiza:
"Nadra ndiyo nini?"
"Ni mtu mmoja katika maelfu mengi, mama."
Akameza.
"Mimi nauza dagaa. Kwa ndoo, kwa gunia.
Kitu kimojakimoja sijui kukihesabu.
Mtakata?"
"Tutakata. Karibu nusu ya taya."
"Na hayo meno matatu, yalikuwa na kosa gani?"

Hakuna aliyemjibu.
Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya swali hilo.

Nimeandika majibu, mistari sita, muhuri.
Kile kipande cha nta kipo droo ya nne, kina namba,
kitatuzidi umri sote.
Jioni, nikinawa mikono ili niende zangu,
nilitema mate kwenye sinki
na kwa mara ya kwanza maishani
nikasimama kuyatazama.