Kidole Juu ya Mizani

Nilipopewa uhusika wa Karani Mbwarali,
aliyewapunja wakulima wa pamba misimu kumi na minane,
nilimwambia mke wangu: kuanzia leo usiniite Twalib.
Nilikuwa nimesikia, sijui kwa nani,
kwamba mwigizaji wa kweli akishamvaa mtu hamvui.
Hulala naye, huamka naye,
na mhusika asipokula, naye hushinda njaa.

Basi nikaacha kunyoa.
Nikaizunguka Barani nzima nikiburuta mguu wa kushoto,
ingawa mchezo haukusema popote kwamba karani ni kiguru.
Mama akaniandikishia kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe,
nikalinywa huku nimekunja uso wa Mbwarali.
Usiku Raya alikuwa akifungua mlango nusu:
"Leo amerudi nani?"

Wiki ya pili nikapita mpaka.
Bi Kache, yule anayekaanga mahamri,
hununua sukari nusu kilo kila alfajiri.
Nikakilaza kidole cha mwisho ukingoni mwa sahani ya mizani,
kikala gramu sitini.
Siku tano.
Daftarini nikaandika: mazoezi.

Katika bohari kuukuu la pamba, tunamofanyia mchezo,
ambamo ukiugonga mwimo bado vumbi jeupe hushuka,
nilimsimulia Mwalimu Dama kwa fahari.
Alikuwa anakula muhogo. Akaacha kutafuna.
"Hukuigiza," akasema. "Uliiba.
Mbwarali ni wa karatasi. Sukari ni ya Bi Kache.
Na njaa unayolala nayo inakufundisha njaa yako, si yake.
Ndevu huota hata kwa mjinga."

Akanipa mizani isiyokuwepo.
Nikasimama katikati ya bohari, viganja hewani,
Kahindi, anayecheza mkulima, akauliza kama napima upepo.
"Sahani ina baridi? Kutu iko upande gani?
Mnyororo ukitikisika unaliaje?"
Siku ya kwanza nilishika hewa.
Ya pili, hewa.
Ya tano, bila mimi kukituma, kiganja kikakumbuka
shaba ya dukani kwa baba, jua halijafika kizingitini,
harufu ya mafuta ya taa,
na mimi, miaka tisa, kidole kimelala ukingoni,
na baba amekiona.

Hakusema. Hakunipiga.
Aliongeza konzi ya mchele kwenye mfuko wa mteja,
akaongeza konzi nyingine,
akarudi kwenye hesabu zake.

"Hapo," Mwalimu alisema polepole.
"Usilie, sikukuomba machozi. Pima pamba."
Nikapima. Masikio yalikuwa yanawaka.

Akifunga kufuli aliniambia
kidonda kibichi nisikiguse, nichukue kilichofanya kovu;
na kwamba vazi lisilovulika ni sanda.
Nikauliza kama hiyo ni methali.
Akasema hapana, ni mazishi aliyoyahudhuria.
Tangu siku hiyo hatukutoka bohari
mpaka kila mmoja anawe mikono, ataje jina lake
na alichokula mchana.
"Twalib. Wali na kunde."

Usiku wa onyesho nilikwenda nimenyoa, nimeshiba,
miguu yangu yote miwili mizima.
Kidole kilipogusa sahani, ukumbi ukakatika pumzi.
Safu ya tatu, Bi Kache alikuwa ameinama mbele.
Hakuwa ananitazama usoni.

Alfajiri akaja dukani.
Nilikuwa nimemfungia gramu mia tatu pembeni,
pamoja na maneno ya kuomba radhi, nimeyakariri vizuri,
vizuri mno, yakanikaa mdomoni kama ya mchezo.
Yakagoma kutoka.
Nikamsukumia mfuko tu.
Akaupima kwa mkono, akaelewa, akautia kapuni.

"Sasa sukari nusu," akasema.
"Na mikono yako yote miwili
iweke hapa juu ya meza, niione."

Nikaiweka.
Akapima mwenyewe.