Ukurasa wa Kumi na Nne

Nilimwambia Bi Mwanasiti wa maktaba:
nipe kitabu chenye mtu wa mkono mmoja,
asiwe mwizi.
Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka,
akapanda ngazi, akashuka na vumbi begani
na vitabu vitatu.

Kimoja cha huduma ya kwanza: damu inavyozuiwa,
kitambaa gani cha kufungia.
Mimi damu ilishazuiwa Bombo, mwaka wa saba sasa.
Cha pili hadithi. Kilema anaingia ukurasa wa kumi,
ukurasa wa tisini ameponywa, au amezikwa,
na kijiji kimepata funzo.
Cha tatu cha watoto, kina picha,
mkono umechorwa unarudishwa na malaika.

Nikavirudisha kabla ya tarehe.

Hakuna aliyeandika Jumanne.
Jumanne, korona imekwisha kula ilichokula,
mkonge wa watu unaanikwa kama kawaida,
na wewe uko Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
umesimama mbele ya chupa ya dawa ya mtoto
yenye kifuniko kinachosema: bonyeza, zungusha.

Mkono wa kulia, tuliuita hivyo
kwa kuwa ni wa kulia chakula.
Ulipokwenda nikabaki mtu wa kulia tu,
miezi minne, usiku, mke wangu nimempa mgongo.
Kisha sinia la pilau, harusi ya binamu.
Nikanyoosha wa kushoto
na mikono mitano ikasimama hewani.
Hakuna aliyesema neno. Waliniletea sahani ya peke yangu,
na kijiko, na pande la nyama kubwa kuliko la bwana harusi.
Nyama ile bado haijashuka.

Na methali nazo: mkono mmoja haulei mwana.
Njoo umuulize Mwajabu, ana miaka sita,
nani anamsuka kwa mkono mmoja na meno.
(Mabutu mawili. Moja limepinda. Haidhuru.)

Basi nikanunua kaunta buku la kwaya mbili.
Kwa kushoto herufi zangu zinakwenda upande kama kaa,
kila mstari unataka kupanda Usambara.
Nikaandika kamba ya kiatu.
Nikaandika kidole kisichokuwepo kinavyowasha saa nane ya usiku,
na nilivyokuna hewa mpaka kikatulia.
Nikaandika chungwa la Muheza, ukurasa wa kumi na nne:
libane kati ya goti na kifua, kisu kizunguke.
Mwisho sikuandika. Sikuwa nao.

Bi Mwanasiti akasema hakina namba, hakina mhuri,
taratibu haziruhusu.
Akakivika gazeti, akakiweka rafu ya Kilimo.
Kwa ajili ya lile chungwa, Bwana Semboja, alisema.

Vuli ikaja, ikapita.
Mara tatu nilikwenda kukichungulia
kama chungu cha maharage, vumbi lile lile.
Mara ya nne hakikuwepo.

Kilirudi Shaabani, kina doa la mafuta,
na pembeni mwa ukurasa wa kumi na nne, kwa penseli,
mwandiko mbaya kuliko wangu:

*Si kweli. Kifuani linateleza na shati linachafuka.
Kaa chini. Tumia nyayo.*

Nikanunua chungwa hapo hapo nje.
Nikaziosha nyayo bombani, nikavua haya pamoja na kandambili,
nikakaa kwenye ngazi za maktaba, watu wanapita.
Liliponyoka, likabingirika hadi kwa muuza karanga.
Akanirudishia. Likaponyoka tena.
La tatu ganda likashuka, refu, moja,
na maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nikaingia ndani na kidole kinanata,
nikaazima penseli,
nikaandika chini yake:

*Nimejaribu. Sawa.
Na kifungo cha shati, kile cha mkononi,
wewe unakifungaje?*