Ndoo ya Makaa

Katika tramu ya njano, Budapesti, Jumapili ya Februari,
Vendel anavua kofia.
Hakuna aliyemwona. Anaivaa tena
polepole, kama mtu aliyekuwa akijikuna tu.

Ana miaka themanini na mmoja. Baba yake, fundi wa saa,
alimfunza kwamba mbele ya mwanamke
neno la kwanza ni hili: naubusu mkono wako.
Hata usipoubusu. Hata mkono ukiwa ndani ya glavu
inayonuka kitunguu.
(Sisi wenye shikamoo tusicheke.
Nasi miguu ya watu huishika kwa mdomo tu.)

Anasimama, ampishe mama mjamzito.
“Unashuka?” mama anamuuliza.
“Hapana.”
“Sasa mbona umesimama?”
Na kabla hajapata jibu
kijana mwenye mkoba wa mgongoni amekwisha kukaa,
masikio kayaziba, kidole chateleza kwenye kioo cha simu
kama anayefuta vumbi lisiloisha.

Uungwana umekufa, anamwambia Piroska,
mjane wa ghorofa ya nne, aliyekuwa muuza dawa,
ambaye kila Jumapili humpikia kahawa chungu.
Umekufa, Piroska, na hata matanga hatukuweka.

Piroska anakoroga kikombe kisicho na sukari.
Marehemu mume wangu, anasema, ulimjua Bódog.
Mtaa mzima ulimjua.
Mwavuli wake ulikuwa wa kila mwanamke aliyenyeshewa.
Mikono aliyoibusu, ukiipanga,
ingefika mpaka daraja la pili.
Mimi aliniita “we”.
Miaka thelathini na minne, “we”.
Mlango alionifungulia mchana watu wakitazama
ndio huo alionifungia usiku, nikalala ngazini,
na asubuhi akaninyooshea kiwiko tushuke pamoja kanisani.
Kwa hiyo huyo maiti wako, Vendel,
mimi nilimwosha. Namjua mwili mzima.

Kimya.
Bomba la joto lagonga ukutani.

Vendel anataka kusema yeye si Bódog.
Na kweli, hakuwahi kuinua mkono, wala sauti.
Anamkumbuka Etel, mkewe, baridi ile kuu,
akipanda kutoka stoo ya chini, ndoo ya makaa mkononi,
mishipa ya shingo imemsimama,
na yeye Vendel juu ya ngazi, koti safi, viatu vinang’aa.
“Nilikuwa namfungulia mlango,” anasema.
“Kila siku. Sikukosa hata siku moja.
Naye ana ndoo.”
Anarudia, kana kwamba kaisikia kwa mtu mwingine:
“Naye ana ndoo.”

Piroska hasemi kitu. Anamwongezea kahawa.

Saa kumi na moja ni giza, na lifti imeharibika tangu Krismasi.
Taa ya ngazi hujizima yenyewe, haimngoji mzee.
Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili inamzimikia,
mguu mmoja hewani.
Kunatokea msichana, nywele za buluu, pete puani,
muziki unamvuja masikioni kama maji ya gata.
Hasalimu. Hamtazami hata usoni.
Anawasha kurunzi ya simu, anageuka,
anashuka mbele yake kinyumenyume, ngazi kwa ngazi,
mwanga kaulenga kwenye viatu vya mzee
mpaka vikakanyaga saruji ya chini.

“Naubusu mkono wako,” anasema Vendel.
Msichana anachomoa sikio moja. “Eti?”
“Si kitu.”
“Haya,” anasema, anapanda mbiombio, ngazi mbilimbili,
na mlango mahali fulani juu unabamizwa
kwa kishindo ambacho baba yake, fundi wa saa,
asingekisamehe.

Nje theluji. Vendel kaishika kofia mkononi.
Vituo viwili vizima anakwenda kwa miguu,
kichwa wazi, akitembea kama aliyebeba kitu kizito
upande wa kulia.